Bado Hakijazinduliwa

Mwanangu Salma,

Salamu tutapeana kesho asubuhi mlangoni, na dua nitakusomea hapo hapo ukiwa umeshika begi, kwa hiyo humu usizitafute. Wala sikuandikii habari za kuchemsha maji ya kunywa, kufunga komeo, au kutokula ovyo pale stendi ya Chalinze. Hayo nimekuimbia tangu uko shule ya msingi, na kama hayajakuingia mpaka leo, barua haitayaingiza. Umekwenda kumuaga mamdogo wako Zainabu, nami nimebaki na meza, kalamu na hasira. Bora niiandike kabla hujarudi, maana ukirudi nitaanza kukuuliza umekula nini huko na yote yatanitoka.

Chalinze si Ulaya, najua. Utapanda basi, utapita Msata, utapita Lugoba, na kabla ya adhuhuri utakuwa umefika. Lakini ni mara ya kwanza unakwenda kukaa mahali ambapo siwezi kukunyamazisha kwa kukukata jicho. Kwa mengi nimekulea vizuri na sitajitia unyenyekevu wa kukataa, ila kwa hilo la kukunyamazisha nimekulea vibaya, na leo alasiri nimelijua kwa namna iliyonitia kichefuchefu. Nitafika huko. Niache kwanza nianze mbali kidogo.

Unajua kwamba nilianza kazi ya umeme kabla hujazaliwa, kwenye kituo cha kupozea umeme. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa karibu na simu. Simu ikilia, sauti ya Dar inasema zima laini fulani, nazima, washa, nawasha. Na kabla sijagusa kitu nairudia amri neno kwa neno, mpaka yule wa upande wa pili aseme ndivyo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka, akisema serikali inanilipa niwe kasuku. Hakuwa ameona nilichokiona. Kuna siku fundi wetu alikuwa juu ya nguzo huko njia ya Kiwangwa, na mwenzangu wa zamu akaiwasha laini kwa sababu alidhani kazi imekwisha. Hakungoja simu. Sikwambii tulichokiteremsha kutoka kwenye ile nguzo. Nilikuwa na mimba yako, na mpaka nilipojifungua sikuweza kupita mahali panapochomwa nyama.

Tangu siku ile neno langu likawa moja: usiguse bila amri. Ulipokuwa mdogo nilikwambia hivyo kuhusu pasi, ulipokwenda chuo nikakwambia hivyo kuhusu kazi, na ulipokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo nikakwambia mbele za watu mpaka ukaona haya. Neno hilo silifuti hata leo. Fundi aliye juu ya nguzo hana kinga nyingine isipokuwa mtu wa chini anayetii. Ila nililichukua neno lile safi nikalipeleka mahali ambapo halikuwa na kazi, na huko limeninukia.

Basi yakaja Makontena. Wewe unayajua ndani nje, lakini sidhani kama nimewahi kukwambia nilivyofurahi. Hebu fikiri: miaka yangu yote, kila ikikaribia magharibi, kazi yangu ilikuwa kuwatia watu gizani. Jioni kila nyumba inawasha kwa pamoja, taa, feni, friji, televisheni, mahoteli ya ufukweni na viyoyozi vyao, nchi nzima inavuta kwa wakati mmoja, na umeme unaotufikia huku hautoshi. Simu inalia: punguza. Leo nazima Magomeni, kesho Dunda, keshokutwa Kaole. Na mimi si mgeni wa mji huu. Nilijua ni nyumba ya nani ninayoizima, nani ana mgonjwa, nani anaoza mtoto wake siku hiyo. Kisha kukipambazuka umeme unakuwepo tele, na usiku wa manane upo tele, hauna wa kuutumia.

Walipotuita kwenye semina wakatueleza kwamba hayo makontena meupe ni betri tupu, kwamba yatajazwa wakati umeme upo wa kumwaga na yatautoa jioni watu wanapouhitaji, nilielewa mara moja kwa sababu tuna simtanki uani. Unalijaza bomba linapotoka ili uoge bomba linapokauka. Ni hivyo tu. Wenzangu waliuliza maswali ya posho na sare. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya gari, nikaosha uso, nikarudi.

Kabla joto la kaskazi halijapamba moto kila kitu kilikuwa tayari. Mafundi wa kigeni walijaribu, wakajaribu tena. Jioni moja ya majaribio mji mzima uliwaka mpaka watu wakadhani kuna mkubwa amelala Bagamoyo. Karatasi zikasainiwa, wageni wakafunga mizigo wakaenda zao. Betri zikajazwa mpaka juu. Halafu zikakaa.

Zikakaa kwa sababu meneja wetu alisema kituo hakiwezi kutumika kabla hakijazinduliwa. Nilimuuliza, tena kwa adabu, kuna kasoro gani. Akasema hakuna kasoro yoyote. Akaniuliza yeye: mgeni rasmi akija tumwambie azindue nini, kitu kilichokwisha kutumika? Akasema ni sawa na kumwandalia mtu sahani aliyokwisha kuilia mwingine. Watu waliokuwa mle ofisini wakatikisa vichwa kukubali, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitikisa kichwa, Salma. Shingo yangu hii hii.

Tarehe ikapangwa. Ukuta ukapakwa rangi, mawe ya pembeni mwa njia yakapakwa chokaa, mgeni rasmi akapata safari. Tarehe ikapangwa nyingine. Chokaa ikarudiwa, mgeni rasmi akapata kikao. Kisha ikaingia Ramadhani, na hapo ndipo nilipoona ujinga ukivaa kanzu. Tukaambiwa uzinduzi hauwezi kufanyika mwezi mtukufu. Nikadhani wanaheshimu funga. Kumbe tatizo lilikuwa chakula cha mchana. Shughuli bila pilau na soda ni shughuli gani, mgeni atasimama juani ahutubie halafu aondoke mkavu? Basi tusubiri mpaka baada ya Idi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo mahali penyewe. Kila siku alasiri simu ililia pale mezani kwangu. Ulikuwa ukiisikia. Ni wale vijana wa Dar wanaougawa umeme wa nchi nzima. Kila siku wanauliza kituo kimoja kimoja jioni kina nini cha kutoa. Swali lao halikuwa na makuu: kituo chenu kipo tayari? Nami nilijibu kila siku, kwa sauti yangu ya kazini ile kavu: bado hakijazinduliwa. Yule kijana akaandika, akaaga, akapigia wengine. Siku moja aliniuliza, mama, samahani, kwani kuzinduliwa ni jambo la kiufundi? Nikacheka. Akacheka na yeye. Tukacheka wote wawili kama watu waliotoleana utani kwenye shughuli, kisha magharibi akanipigia tena akaniambia punguza, nami nikauzima mji.

Kingine kinachonikereketa, ambacho watu wa mjini hawakijui na sijui kama ningethubutu kuwaambia. Betri zile haziwezi kukaa na joto. Kila kontena lina kiyoyozi, na viyoyozi vile havizimwi. Kwa hiyo muda wote ule tuliokuwa tunawanyima watu umeme, tulikuwa tunautumia umeme ule ule kuzipoza betri zilizojaa umeme. Walinzi walikuwa wanakwenda kuegemeza migongo kwenye milango ya makontena wapate ubaridi. Huko mjini watoto wanalala juu ya sakafu na vipele vya joto, huku chuma kinapepewa. Nikiliwaza hilo hata sasa mate yananijaa mdomoni, si ya hamu.

Unaikumbuka ile futari ya gizani, kumi la kwanza, tuliyoila nyumbani kwa kuchelewa nilipotoka zamu. Tulikuwa tumewasha taa ya simu tumeiegemeza kwenye jagi. Ulikuwa umeshika kipande cha muhogo hukukila, ukaniuliza: "Mama, kile kituo kimejaa. Kwa nini usiwaambie tu kwamba kipo tayari?"

Ulikuwa unauliza kweli. Hukuwa unanisuta, ulidhani kuna sababu ya kitaalamu ambayo hujaifikia katika masomo yako. Na mimi nikakukata jicho nikakwambia: "Kula, Salma. Usiguse mambo ya watu bila amri."

Ukala. Hukuuliza tena siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Nilijisifu moyoni kwamba mtoto ana adabu.

Sasa nije kwa mamdogo wako. Najua unampenda kuliko unavyonipenda mimi na sina wivu, yeye anacheka upesi. Kile chumba chake cha baridi kule sokoni alikianzisha kwa jasho, na biashara yake ya kamba wa Saadani ilikuwa ndiyo kwanza inasimama. Umeme ukikatika saa chache chumba kinavumilia, milango ikifungwa vizuri. Ila ilikuwa kila jioni, na joto lile, na jenereta lake bovu. Akawa ananunua barafu anatupia humo. Halafu ile jioni umeme uliporudi kwa kishindo kompresa ikaungua. Aliyeuzima na kuurudisha ni mimi. Fundi wa kompresa alipopatikana kutoka Dar, kamba walikuwa wameshageuka.

Wewe ulikuwa umekwenda Dar kwa mitihani, kwa hiyo hukuona. Nilikwenda kumsaidia kufukia. Sijui kama umewahi kunusa kamba waliooza ndani ya chumba kilichofungwa. Si harufu ya samaki. Inashika nyuma ya koo na inakaa humo. Walikuwa wamelainika wakawa uji wa kijivu, maganda yanaelea, ukiinua kreti linamwagika kwenye miguu. Tulichimba shimo nyuma ya choo cha soko na kina mama wawili wakatusaidia wakiwa wamefunga kanga puani. Zainabu hakujifunga kitu. Alikuwa anachota kwa koleo kama mtu anayefagia uwanja wake, mpaka tukabaki wawili tu shimoni. Ndipo akaniuliza, hakuinua hata uso: "Dada, kile kituo chenu kimejaa?"

Nikamwambia: "Kimejaa."

Nilingoja atukane. Unajua ulimi wa mamdogo wako, akianza anaweza kumvua mtu nguo kwa maneno. Nilitaka atukane. Akamaliza koleo lile, akalipigapiga pembeni kudondosha uchafu, akasema: "Basi nenda kanawe. Wewe una zamu."

Nikanawa. Nikanawa na sabuni ya unga, nikanawa na ndimu, nikaenda zamu na mikono inanuka. Alasiri simu ikalia, kipo tayari? Nikaishika ile simu kwa mkono ule ule nikasema bado hakijazinduliwa. Meneja alipita akakunja pua, akauliza ni nini kinanuka humu. Nikamwambia nimetoka sokoni.

Siku ya uzinduzi ulikuwepo, kwa hiyo maturubai na ngoma na fulana za bure sikusimulii. Nitakusimulia upande wa nyuma, ambao hukuuona. Wewe walikuweka mbele. Wewe ambaye ulijua kila kontena lina nini ndani, ambaye ulikuwa ukisoma vipimo vyake kuliko nusu ya waajiriwa, walikuvalisha kitenge cha sare wakakushikisha sinia la mkasi, kwa sababu meneja alisema una sura ya picha. Nilikuona kwa dirishani. Ulitabasamu pale ulipoambiwa utabasamu. Mshereheshaji alikuwa akisema itifaki imezingatiwa, akimpisha mmoja anasema itifaki imezingatiwa, mpaka nikahisi nitapiga kelele.

Ile swichi kubwa nyekundu aliyoibonyeza mgeni rasmi ilikuwa na waya. Waya ulipita chini ya zulia ukaishia chini ya zulia. Mwenye kuwasha nilikuwa mimi, ndani ya chumba cha mitambo, na mlangoni kulikuwa na mtu wa itifaki ameshika leso. Akipunga, niwashe. Miaka yote hiyo nimerudia amri neno kwa neno kwenye simu, siku ile nikapokea amri ya leso. Nilikuwa nimewauliza vijana wa Dar asubuhi, wakaniambia mchana ule hawahitaji kitu, umeme upo wa kumwaga, ila wameshapigiwa simu na wakubwa watupishe. Wakapunguza uzalishaji kwenye vituo vingine ili sisi tuonekane tunatoa. Leso ikapungwa, nikawasha, namba kwenye skrini ya nje zikaanza kukimbia, watu wakapiga makofi na vigelegele. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua linachoma, hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na shida ya taa.

Hotuba ikawa ndefu. Nilituma mtu kuomba nizime, nikaambiwa usithubutu, namba zisisimame mgeni akiwa bado anaongea. Halafu picha. Halafu pilau, na hapo pia nikakatazwa kugusa chochote mpaka msafara uondoke. Walipoondoka betri zilikuwa tupu kabisa, na alasiri ilikuwa imeshaingia, hakukuwa tena na umeme wa kuzijazia.

Alasiri ile kijana wa Dar aliponipigia alikuwa na furaha. Aliniambia hongera mama, sasa mmezinduliwa, mna nini cha kutupa jioni? Nikamwambia hatuna kitu. Akaandika, akaaga. Magharibi akasema punguza, nikauzima mji, na watu walikuwa bado wamevaa fulana zetu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi pale nje na kitenge chako, umevua viatu, unaniangalia. Hukusema kitu. Ningekushukuru sana ungesema.

Tangu hapo kituo kinafanya kazi, tena vizuri. Jioni nawasha na mji unakaa na taa mpaka watu wanalala. Watu wananisimamisha njiani kunipa hongera. Muuza dawa wa pale karibu na msikiti, yule mzee wa Kihindi aliyekuwa akihangaika na friji lake la dawa, ameniletea halua. Niliila, na niliimaliza, lakini haikushuka vizuri. Hakuna anayeniuliza kwa nini mwezi mzima wa Ramadhani walifuturu gizani. Wamesahau, na wanaosahau upesi namna hiyo wananichukiza karibu sawa na meneja. Mamdogo wako hajasahau. Chumba chake cha baridi amekigeuza stoo ya mkaa. Haji tena hapa nyumbani, ananiamkia vizuri tukikutana, na ndiyo maana leo umekwenda wewe kwake badala ya yeye kuja kwako.

Huenda unasema, Mama, hayo yote nayajua, ya nini kunichafulia usiku wa mwisho. Haya hili hulijui.

Leo alasiri meneja aliniita. Alikuwa na furaha. Aliniambia kwamba nafasi yako ya Chalinze ni yeye aliyekuandikia, na kwamba walikuwa wengine wenye alama nzuri kama zako. Nikauliza ni kipi basi kilichokubeba. Akasema: "Bi. Rukia, binti yako hana maneno. Tulimwangalia siku zote zile, hakuuliza kitu. Ndio watu tunaowahitaji kwenye vituo hivi."

Nikamshukuru. Niandike ukweli wote: nilitoka mle nimejaa fahari, natembea kifua mbele, mpaka getini. Getini ndipo nilipoirudia ile sentensi neno kwa neno, kama amri ya simu, nikaisikia. Mtoto wangu amesifiwa kwa kile nilichomfanyia kwenye jamvi la futari. Cheti chako cha miaka yote ile wamekiweka pembeni, wakachukua ule ukimya. Na ukimya ule si wako. Ni wangu, nilikumezesha.

Na kabla sijatoka alikuwa ameongeza jambo, kwa kupitia tu, akitafuta funguo zake za gari. Kule Chalinze makontena yameshajaa. Ni mengi kuliko yetu, majaribio yamekwisha, kila kitu kipo sawa. Wanasubiri tarehe. Safari hii wanataka mgeni rasmi mkubwa zaidi, kwa hiyo itachukua muda. Na wewe umepangiwa zamu ya mchana mpaka jioni. Maana yake simu ya alasiri utaipokea wewe.

Kaskazi inakaribia tena, Salma. Jioni pale Chalinze unajua hali ilivyo, wachomelea vyuma wanaofanya kazi mpaka usiku, mama lishe, gereji, zahanati. Na Lugoba. Na laini inayoshuka huku kwetu.

Sikwambii ukawashe kitu kwa siri. Nikisikia umegusa mtambo bila amri nitakuja mwenyewe na basi la kwanza nikuchape mbele ya wenzako, mtu mzima kama ulivyo. Fundi wa Kiwangwa sijamsahau na wewe usimsahau, ingawa hukumwona. Lakini nimekaa hapa jioni nzima nikilitafuna jambo moja ambalo sijui kwa nini miezi yote ile halikunijia. Yule kijana hakuwa ananiamuru. Alikuwa ananiuliza. Amri inatiiwa, sawa, lakini swali linajibiwa, na swali lake lilikuwa na jibu moja la kweli, maneno mawili tu: kipo tayari. Ningeyasema hayo, yeye mwenyewe angenipa amri, amri halali, ya simu, ningeirudia neno kwa neno na kuitii kama nilivyofundishwa. Hakuna sheria hata moja ya kazi yetu ambayo ningeivunja. Ningemvunjia meneja shughuli yake, basi. Na mimi nilijificha nyuma ya maiti ya fundi mwema ili nisimuudhi mtu anayepaka mawe chokaa. Ndicho kinachonitapisha kuliko kamba wa Zainabu.

Wakikuuliza huko kama kipo tayari, sitakuwepo. Meneja wako atakuwepo, pengine amesimama nyuma yako kabisa. Watakukata jicho, na wewe jicho unalijua, umelelewa nalo. Ukisema kweli huenda wakakuondoa. Watatafuta jina la kukupa, mjuaji, mkaidi, hana adabu kwa wakubwa, na wataniita mimi hapa waniulize nimelea nini. Rudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usipige simu kwanza, usijieleze. Chumba chako sitampangisha mtu.

Na ukisema bado, kama nilivyosema mimi, ukasema kesho, na kesho yake, ukaja likizo na zawadi na mshahara wako na uso wako mzuri ule wa picha, nitakupokea pia. Nitakupikia. Sitakuuliza kitu, kwa sababu nitakuwa nakuelewa, hatua kwa hatua, nitajua hata ulivyocheka na yule kijana kwenye simu. Tutakaa mezani mama na binti, tumeelewana kabisa, na hakuna atakayesema neno.

Mwanangu, namwomba Mungu asinioneshe siku nitakayokuelewa namna hiyo.

Mama yako,
Rukia